Vichekesho vya filamu za Marekani: tajiri anachekwa, utajiri hauguswi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani filamu za Marekani tumezijadili sana kwa upande wa mapigano na ujasusi, na vichekesho tumezoea kuvipitia juu juu, kana kwamba kitu kinachochekesha hakina la kusema. Mimi nina maoni tofauti. Anayetaka kujua jamii ile inaogopa nini na inajidanganya wapi, aviangalie vichekesho vyake kabla ya tamthilia zake nzito. Mwandishi wa tamthilia nzito huwa anajua kwamba anapimwa, naye hujipanga. Mchekeshaji anatafuta kicheko tu, na kicheko hakiji mpaka aguse mahali ambapo kila mtu ukumbini anapajua na hakuna aliyethubutu kupataja.

Nchi ile hupenda kujisimulia kwamba haina matabaka. Ukabaila waliuacha Ulaya, na mtoto wa fundi viatu, kwa masimulizi hayo, anaanzia mstari mmoja na mtoto wa mwenye benki. Sasa chukueni vichekesho vyao vinavyoheshimika tangu sinema ilipopata sauti, muone vinahusu nini: binti wa milionea na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi, tajiri na mtumishi wake wa nyumbani, karani na bosi wake, mwana wa mfalme anayepiga deki mgahawani. Kwa karibu miaka 100 nchi isiyo na matabaka imekuwa ikiyacheka matabaka. Lakini kuna mpaka mmoja ambao wengi wao hawauvuki, na ndio ulionifanya nifungue uzi huu. Tajiri hupigwa kila aina ya dhihaka. Utajiri wenyewe huachwa ukae kwenye kiti chake, na mara nyingi ndio unaoitwa mwishoni kuja kutatua tatizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni My Man Godfrey ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Gregory La Cava. Marekani ilikuwa bado katika Mdororo Mkuu. Mwaka 1933 takriban robo ya nguvukazi yote ilikuwa haina kazi. Filamu inaanzia jalalani kando ya mto, New York, ambako wanaume wasio na makazi wanaishi kwenye vibanda. Usiku huohuo matajiri wako hotelini wakicheza mchezo wa kushindana kukusanya vitu ambavyo hakuna anayevitaka, na kati ya vitu hivyo, pamoja na mbuzi, yumo "mtu aliyesahauliwa". Maneno hayo hayakuokotwa hovyo. Franklin Roosevelt alikuwa ameyatumia redioni mwezi Aprili 1932, akigombea urais, kuwataja watu walio chini kabisa ya uchumi wa nchi. Miaka minne baadaye vichekesho vinawaonyesha wanawake waliovaa hariri wakishuka jalalani kumtafuta mtu huyo ili wapate pointi. Dada mmoja anampa Godfrey, mmoja wa wakazi wa vibanda vile, dola 5 akubali kwenda kuonyeshwa, naye Godfrey anamsukumia dada huyo kwenye rundo la majivu. Mdogo wake anaomba kwa upole, na Godfrey anakwenda. Anapandishwa jukwaani, anakaguliwa kama mnyama wa mnadani, kisha anaambiwa aseme lolote. Anawaambia waziwazi kwamba amekuja kuona watu wenye vichwa vitupu wanavyoishi.

Hadi hapo filamu ina meno. Kisha Godfrey anaajiriwa kuwa mtumishi katika nyumba ya yule dada mdogo, na polepole tunaanza kuelewa kwamba huyu si maskini hata kidogo. Ametoka katika ukoo wa kitajiri wa Boston, na alifika jalalani kwa sababu ya huzuni ya mapenzi. Na wale wenzake wa vibandani wanaokolewaje? Godfrey anaweka rehani mkufu wa lulu, anaingia nao soko la hisa, anapata faida, anajenga ukumbi wa starehe palepale jalalani na kuwapa wenzake ajira ya kuwafungulia matajiri milango ya magari. Soko lilelile lililoporomoka mwaka 1929 na kuwatupa watu wale majalalani ndilo linaloleta nafuu, na hakuna hata mhusika mmoja anayeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Hata maskini wa filamu hii hatuaminiwi kumheshimu mpaka tuthibitishiwe kwamba kwao ni watu wenye nazo.

Sasa rukeni miaka 47. Trading Places ilitoka mwaka 1983, enzi ya Reagan, miezi michache baada ya ukosefu wa ajira kufikia asilimia 10.8. Ndugu wawili wazee wa Philadelphia, wenye kampuni ya biashara ya bidhaa, wanawekeana dau kama tabia ya mtu huletwa na damu au na mazingira. Wanamvua kijana wa kizungu waliyemwajiri kazi, nyumba na jina, na mahali pake wanamweka mwombaji mweusi wa barabarani, Billy Ray Valentine, aliyeigizwa na Eddie Murphy akiwa kijana wa miaka 22 filamu ilipotoka. Dau lenyewe ni dola 1.

Kuna sehemu ya sekunde chache ambayo napenda watu waitazame tena. Wale wazee wanamwelimisha Valentine kuhusu biashara yao. Wanamwonyesha ngano, kahawa, maji ya machungwa, na nyama ya tumbo la nguruwe, na mmoja wao anamfafanulia kwa upole wa mwalimu wa chekechea kwamba nyama hiyo ndiyo huliwa ndani ya mkate kwa nyanya na saladi. Murphy anageuza macho polepole na kuitazama kamera moja kwa moja. Hasemi neno. Anatutazama sisi. Kila mtu mweusi aliyewahi kuelezwa na bosi wake kitu anachokijua tangu utotoni aliielewa ile sura bila maelezo, na nadhani hata mzungu aliyekuwa ukumbini aliielewa, kwa sababu safari hii alikuwa amekaa upande wa anayeelezwa.

Baadaye Valentine, akiwa amejificha chooni, anawasikia wazee wale wakilipana ile dola na kukubaliana kwamba mweusi hawezi kuachiwa kampuni ya ukoo, hata baada ya majaribio yao wenyewe kuthibitisha kwamba anaiweza kazi. Hapo filamu imesema kweli nzito kuliko tamthilia nyingi za wakati ule: jaribio la kisayansi lilifaulu, na waliolifanya wakayakataa majibu kwa sababu hawakuyapenda.

Ukombozi unapatikana wapi? Pale pale alipoupata Godfrey. Valentine na yule mzungu aliyefilisiwa wanaungana, wanaipata kabla ya wakati ripoti ya serikali ya mavuno ya machungwa, wanawaachia wale wazee ripoti ya bandia, kisha wanaingia kwenye soko la bidhaa New York na kuwafilisi kwa mchezo uleule wa wazee. Filamu inakwisha mashujaa wakiwa ufukweni na vinywaji mkononi. Matajiri wawili wabaya wameondoka, matajiri wapya wema wameingia, na soko linaendelea na shughuli zake. Cha kuchekesha zaidi kilikuja mwaka 2010, pale Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya marekebisho ya fedha iliyofuata msukosuko wa mwaka 2008. Kifungu cha 746 kilikataza kufanya biashara ya bidhaa kwa taarifa za serikali zilizopatikana isivyo halali, na mkuu wa tume inayosimamia masoko hayo aliwaeleza wabunge kwamba wao hukiita Kanuni ya Eddie Murphy. Maana yake ni kwamba miaka 27 baada ya nchi nzima kucheka, sheria ilikuwa haijaziba tundu ambalo filamu ililionyesha mchana kweupe.

Coming to America ya mwaka 1988 sina haja ya kuieleza kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tuliikariri kwenye kanda za video kabla hata hatujakielewa Kiingereza chake. Mwana wa mfalme wa Zamunda anajifanya fukara katika mtaa wa Queens ili apendwe kwa utu wake. Angalieni mfupa wake: ni Godfrey yuleyule, maskini ambaye kumbe si maskini. Baba wa msichana, mwenye mgahawa, anambeza kijana kwa sababu ni mpiga deki, na siku anayogundua kwamba ni mrithi wa ufalme anabadilika kabla hajamaliza kupumua. Filamu inamcheka mzee yule kwa tamaa yake, halafu inatupeleka Zamunda kwenye harusi ya kifalme na gari la farasi ili nasi tufurahi kwa sababu ileile aliyofurahia yeye. Na nje ya filamu kulikuwa na kichekesho kingine. Mwandishi Art Buchwald aliishtaki studio ya Paramount, na mwaka 1990 mahakama ikakubali kwamba filamu ilitokana na wazo lake. Studio ilijibu kwamba kwa hesabu zake filamu ile, iliyokuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi zaidi mwaka wake, haikuwa na faida halisi ya kugawana. Wahasibu wale wangestahili kuigiza.

Nisieleweke kwamba wote ni hivyo. Wapo waliouvuka ule mpaka, na wa kwanza ni Charlie Chaplin. Katika Modern Times ya mwaka 1936, mwaka uleule wa Godfrey, bosi wa kiwanda anaonekana kwenye skrini kubwa ukutani hata chooni, akimwamuru mfanyakazi aache kuvuta sigara na arudi kazini. Anakuja muuzaji wa mashine ya kulisha wafanyakazi, ili muda wa chakula cha mchana ufutwe na mtu ale huku mikono inafanya kazi. Chaplin anafungwa kwenye mashine. Gunzi la mahindi linaanza kuzunguka kwa kasi mdomoni mwake, supu inamwagika kifuani, nati za chuma zinaingizwa kinywani pamoja na chakula, na kile kifutio cha mdomo kinakuja kila baada ya balaa kumfuta kwa adabu kabisa. Tunacheka mpaka tunakaribia kulia, na bosi anaikataa mashine kwa hoja moja tu, kwamba haifai kwa matumizi. Ingefanya kazi vizuri angeinunua. Hapa hachekwi bosi mwenye tabia mbaya; inachekwa hesabu yenyewe inayouona mlo wa mtu kuwa hasara ya dakika.

Halafu inakuja ile bendera. Lori linapita na kuangusha kitambaa chekundu cha tahadhari, Chaplin anakiokota na kukipunga ili dereva asimame, na nyuma yake linatokea kona andamano la wafanyakazi. Polisi wanamkamata kama kiongozi wa wakomunisti. Gerezani anapata chakula na kitanda, na siku anayosamehewa anauliza kama hawezi kukaa zaidi. Filamu inakwisha barabarani, yeye na msichana, bila fedha, bila hisa, bila ukoo wa Boston. Kwa mtu aliyekulia katika umaskini wa London na kupita katika nyumba za masikini za enzi ile, jalala halikuwa mandhari ya kupendeza. Na nchi haikusahau. Mwaka 1952, Chaplin akiwa safarini kuelekea London kuizindua filamu yake nyingine, mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani alifuta kibali chake cha kurejea. Alikwenda kuishi Uswisi, akarudi Marekani mwaka 1972 kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Inawezekana kupima ukali wa kichekesho kwa muda ambao wakubwa hukaa nacho moyoni.

Wa pili kwangu ni Billy Wilder, naye mhamiaji, Myahudi aliyekimbia Berlin Hitler alipoingia madarakani. The Apartment ya mwaka 1960 ilishinda tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na hadi leo naona ndiyo kichekesho kilichoielewa ofisi ya Marekani kuliko kingine chochote. Baxter ni karani wa kampuni ya bima yenye wafanyakazi 31,259. Meza yake ni namba 861, ghorofa ya 19, na mshahara wake ni dola 94.70 kwa wiki. Anapanda cheo kwa kuwaazima mabosi ufunguo wa chumba chake wakakutane na wanawake wasio wake zao, huku yeye akizunguka nje kwenye baridi mpaka wamalize. Wilder na msanifu wake wa mandhari, Alexandre Trauner, waliijenga ile ofisi kwa ujanja wa macho: meza za nyuma zilikuwa ndogo kuliko za mbele, na waliokalishwa huko walikuwa watu wa kimo kifupi, ili safu ionekane haina mwisho. Hakuna hotuba yoyote juu ya ubepari katika filamu nzima, lakini safu zile za meza zinatosha.

Mwishoni bosi mkuu anaudai ufunguo wa chumba kwa ajili ya msichana wa lifti ambaye Baxter anampenda. Baxter anaweka ufunguo mezani na kuondoka. Bosi anamwita, anamwambia amempa ufunguo usio wenyewe, na Baxter anajibu kwamba ni wenyewe: ni wa choo cha wakubwa, ile alama ya cheo aliyoihangaikia filamu nzima. Hatajiriki. Anabaki bila kazi, anacheza karata na msichana wake, na filamu inakwisha. Kinachodharauliwa pale ni ngazi yote, na siyo tu mtu mmoja aliye juu yake.

Katikati ya makundi hayo mawili naiweka 9 to 5 ya mwaka 1980, iliyoazima jina na visa vingi kutoka kwa chama cha makarani wanawake kilichoanzia Boston mwaka 1973. Wanawake watatu wanamteka bosi wao, wanaiendesha ofisi wenyewe, wanaanzisha saa za kazi zinazobadilika, kituo cha kulelea watoto na malipo sawa. Mwenyekiti wa kampuni anakuja, anasifu kila kitu, kisha kwa sauti ya chini anaagiza kwamba yale malipo sawa lazima yaondolewe. Ni mzaha wa sentensi moja. Wakati huo sheria ya malipo sawa ilikuwa na umri wa miaka 17.

NYONGEZA BAADA YA KUSOMA MICHANGO

Mkuu mmoja ameandika kwamba ninabebesha vichekesho mzigo usio wake, kwa sababu mtu aliyechoka anataka kucheka tu. Hoja hiyo Wamarekani walishaifanyia filamu, nayo ni Sullivan's Travels ya Preston Sturges, mwaka 1941. Mwongozaji tajiri wa vichekesho anataka kutengeneza filamu nzito kuhusu umaskini, anavaa matambara na kutoka na senti 10 mfukoni. Mtumishi wake anamwonya kwamba maskini wanaujua umaskini tayari, na ni matajiri tu wanaouona kuwa mada ya kuvutia. Baada ya misukosuko anajikuta kwenye kambi ya wafungwa, na katika kanisa la watu weusi anawaona wafungwa wenzake wakiangua kicheko kwa katuni ya mbwa Pluto. Anaamua kwamba kuchekesha kunatosha. Wengi huinukuu filamu hiyo kwa ajili ya uamuzi huo. Mimi natazama jinsi alivyotoka kambini: alikiri kwamba yeye ndiye muuaji wa mwongozaji maarufu Sullivan, ili picha yake itoke magazetini na watu wake wamtambue. Alipotambuliwa, akaachiwa. Waliocheka naye wakabaki kwenye minyororo. Sturges ametuonyesha hilo na kulipita haraka, nami siwezi kuamini kwamba hakuliona.

Dada mwingine ameuliza mbona suala la rangi nimeliweka ndani ya suala la fedha badala ya kulipa nafasi yake. Ni kweli haviwezi kufanywa kitu kimoja. Kichekesho cha Marekani kina mizizi kwenye majukwaa ya karne ya 19, ambako wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaiga watu weusi, na mwaka 1927 The Jazz Singer, iliyofungua njia ya filamu zenye sauti, ilimweka Al Jolson mbele ya kamera akiwa amejipaka vivyo hivyo. Kanuni ya maadili ya studio, iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia mwaka 1934 na kuachwa mwaka 1968, ilipiga marufuku hata kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Trading Places yenyewe, pamoja na uhodari wote niliousifu, ndani ya treni inampaka mzungu masizi na kumvisha nywele za msokoto, huku Murphy akijifanya mwanafunzi kutoka Kameruni. Yaani filamu iliyowakamata wazee wale chooni inafanya kwenye behewa kitu ambacho wao wangekipigia makofi. Na mwaka 2017 studio ilipoipeleka Get Out, filamu ya kutisha kuhusu ubaguzi wa rangi, kwenye tuzo za Golden Globe katika kundi la vichekesho na muziki, mwongozaji wake Jordan Peele aliwajibu kwa mzaha kwamba ile ni filamu ya kumbukumbu ya ukweli. Aliyeielewa filamu hakuhitaji kuuliza kwa nini.

Kwa aliyeomba ya miaka ya karibuni, itafute Sorry to Bother You ya Boots Riley, 2018. Kijana mweusi wa Oakland anauza bidhaa kwa simu na hakuna anayemsikiliza, hadi mfanyakazi mkongwe, aliyeigizwa na Danny Glover, anapomshauri atumie sauti ya kizungu. Kijana anabana pua, na mzee anamsahihisha: siyo suala la pua, ni kuongea kama mtu ambaye bili zake zimelipwa na hana haraka na fedha zako, sauti ambayo hata wazungu wengi hawana, ila ndiyo wanayodhani wanatakiwa kuwa nayo. Sauti hiyo inapompandisha kijana ghorofa za juu, anakuta kinachouzwa huko ni nguvukazi ya watu waliosaini mikataba ya maisha kwa malipo ya kitanda na chakula. Hakuna soko la hisa litakalomwokoa mtu humo, kwa sababu soko ndilo linalochekwa. Iliandikwa na mwanamuziki mwenye siasa za mrengo wa kushoto, na sitaharibu mwisho wake kwa ambao hawajaiona, ila msiitazame mkiwa na watoto sebuleni.